Bonjour ni hodi, naomba safu ya lugha irekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikiandika marefu mnivumilie maana hili jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Toleo la Jumamosi iliyopita mlitoa ile safu ya lugha, salamu za Kifaransa kwa msafiri, maneno kumi na tafsiri zake pembeni. Mtoto wa dada yangu anaenda Ufaransa kusoma mwezi wa tisa, akaipiga picha safu yote akanitumia kwenye simu na meseji ya furaha kabisa, "ma'mdogo nishajua kusalimia". Nikaisoma mara mbili, nikaishiwa nguvu. Akienda na yale maneno kama mlivyoyapanga atasalimia watu wiki nzima na kila jioni atarudi chumbani anajiuliza kwanini wananinunia.

Mi hiyo hali naijua kwa sababu imenikuta. Nilikaa Lyon, mji wa Ufaransa, miaka minne, miwili nasoma, miwili nafanya kazi hotelini, na wiki ya kwanza kabisa niliingia duka la mikate nikapanga foleni vizuri, zamu yangu ikafika nikatoa Kifaransa nilichokariri kwenye ndege, une baguette s'il vous plaît, yaani na neno la tafadhali juu, nikajua hapo nimemaliza adabu yote. Yule mama wa kaunta akaniangalia, mkate hakuugusa, akasema Bonjour. Kwa kuvuta. Mi nikadhani hajasikia, nikarudia, une baguette s'il vous plaît. Na yeye akarudia, Bonjour madame. Foleni nyuma yangu kimya. Nikasema bonjour, ndo akatabasamu, akanipa mkate na chenji, akaniambia bonne journée kama vile hakijatokea kitu. Nilitoka pale nimeumia sana, nikampigia dada nikamwambia huku watu wana roho mbaya, na niliamini hivo karibu miezi mitatu.

Sasa tatizo lilikuwa nini? Tatizo nilikuwa nimefundishwa, kama safu yenu inavyofundisha, kwamba bonjour maana yake "habari za asubuhi". Ukishaliweka hivo kichwani unaliona ni pambo, ukiwa na haraka unaliruka, kwani mtu akiwa na foleni ndefu nani anataka kuulizwa habari za asubuhi. Lakini bonjour sio swali la habari. Bonjour ni hodi. Ndo neno la Kiswahili lililo karibu nalo kuliko yote, na nashangaa vitabu vya kujifunzia havilisemi. Hodi hupigi ili kujua mwenye nyumba ameamkaje, unapiga kumwambia nipo, nimekuona, naomba kuingia kwenye nafasi yako, na hata mlango ukiwa wazi unapiga, na ukishapiga unasubiri uitikiwe. Mtu akiingia ndani bila hodi akaenda moja kwa moja kwenye mtungi akasema "naomba maji tafadhali", hiyo tafadhali yake inasaidia nini? Ndicho nilichokifanya pale kwenye duka la mikate. Duka la Mfaransa hata kama liko barabarani na kila mtu anaingia, ni kama sebule ya anayeuza, wewe ndo mgeni, wewe ndo unaanza.

Na wenyewe wanalichukulia kwa uzito kweli. Mwaka 2013 mgahawa mmoja mjini Nice ulibandika bei za kahawa ubaoni ikawa habari dunia nzima: ukisema tu "kahawa" unalipa euro 7, ukisema "kahawa tafadhali" euro 4.25, ukisema "bonjour, kahawa tafadhali" euro 1.40. Mwenye mgahawa alikuwa anatania wateja wa mchana wanaokuja na haraka zao, lakini tazameni mpangilio wenyewe. Tafadhali peke yake imepunguza bei kidogo, bonjour ndo imeishusha hadi chini kabisa.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa safu yenu ungetakiwa usiwe tafsiri, uwe maelekezo ya lini. Ukiingia dukani, bonjour. Ukipanda basi, bonjour kwa dereva. Ukiingia kwenye lifti na kuna mtu usiyemjua, bonjour, na akishuka mnaagana japo mmekaa pamoja sekunde ishirini. Ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari, unawasalimia wote waliokaa kwa mpigo, bonjour messieurs-dames, wataitikia kwa sauti ya chini wengine bila hata kuinua macho, usijisikie vibaya ndo kawaida yao. Ukitaka kuuliza njia barabarani usianze na pardon au excusez-moi ikiwa peke yake, kwa sababu hiyo ni samahani na samahani tunaitumia sisi kama ufunguo wa kila mlango, kule bora uanze na bonjour madame, uvute pumzi, mtu akugeukie, ndo useme excusez-moi de vous déranger, samahani kukusumbua, halafu uulize. Hiyo pumzi katikati ni muhimu na hakuna kitabu kinaiandika. Sisi wageni tunasema bonjour-naomba-tikiti kwa pumzi moja kama neno moja refu, halafu tunashangaa mtu wa dirishani anatujibu bonjour kwa sauti nzito. Anatuambia hodi yako sijaiitikia bado.

Halafu kuna lile linaloifuata bonjour, madame (bibi) au monsieur (bwana), ambalo safu yenu imeliacha kabisa. Bonjour kavu sio tusi, lakini kwa mtu usiyemjua bonjour madame, bonjour monsieur inasikika kama imevaa viatu. Na usiongeze jina la ukoo kama humjui, madame peke yake inatosha. Wasichana zamani waliitwa mademoiselle, lakini tarehe 21 Februari 2012 ofisi ya waziri mkuu François Fillon ilitoa waraka kwamba hilo neno liondolewe kwenye fomu za serikali, kwa sababu mwanaume haulizwi kwenye fomu kama ameoa au hajaoa, kwanini mwanamke atenganishwe. Mitaani bado utalisikia, hasa kwa wazee, lakini mgeni akitumia madame kwa kila mwanamke mzima hawezi kukosea.

Matamshi nayo, jamani. Mmeandika "bonjua". Ile herufi j yao sio j ya jembe, ni laini, ulimi haugongi juu, inakaribia sh ila iwe na mngurumo. Ile on inapita puani na ulimi haufiki kwenye n. Na r ya mwisho inatoka kooni, na hapa Mswahili ana bahati kubwa asiyoijua, kwa sababu ukitamka vizuri gh ya ghali na lugha tayari uko mlango wa pili na r ya Kifaransa. Watu wanahangaika kuitafuta kwenye ncha ya ulimi wakati kooni ipo siku zote. Monsieur ndo inadanganya macho kuliko zote, n haisikiki, r haisikiki, ni kama "mesye" na midomo iliyokunjwa kidogo mwishoni. Neno lenyewe limetokana na kumwita mtu bwana wangu, na wakiwa wengi ile "wangu" nayo inaingia kwenye wingi, mon inakuwa mes, ndo messieurs, kama ilivyo madame na mesdames.

Nije kwenye makosa yenyewe, na nayasema kwa heshima kwa sababu najua aliyeandika alikuwa na nia njema.

Mmeandika salut "inafaa kwa watu wote". Hapana. Salut ni mambo, ni vipi. Kwa mwanafunzi mwenzako sawa, kwa rafiki sawa, tena inatumika mkikutana na mkiachana. Huyu binti yangu akifika dirishani kwa afisa anayeshughulikia kibali chake cha kuishi akamwambia salut itakuwa kama amemwambia mzee wa watu mambo vipi. Afisa hatamfukuza, lakini ile baridi atakayoikuta ataibeba siku nzima bila kujua imetoka wapi.

Mmeandika bonne nuit ni "salamu za usiku". Jamani, bonne nuit ni lala salama! Inasemwa mtu akienda kulala, basi. Ukiingia mgahawani saa tatu usiku unasema bonsoir. Na hili sisi tungelijua bila hata kufundishwa, maana usiku mwema na sisi hatuusemi tukiingia nyumba ya mtu, tunausema tukitoka. Vilevile bonjour na bonne journée, ukitafsiri neno kwa neno zote ni siku njema, lakini moja ya kufikia na nyingine ya kuondokea. Bonsoir na bonne soirée hivo hivo. Jioni ikiingia, saa kumi na mbili hivi, watu wanahama kutoka bonjour kwenda bonsoir, hakuna filimbi inayopigwa, ukikosea kwa saa moja mtu atakujibu kwa lake na wewe utahamia hapo.

Na kuaga ndo nusu ya pili ya hodi, safu yenu imeipa mstari mmoja. Ukitoka dukani hata kama hukununua kitu unasema merci, asante, na au revoir, kwaheri, na ukiweza unamtakia kitu mbele yake, bonne journée. Hii nimeipenda sana kwao, wana bonne karibu ya kila kitu kinachokuja mbele ya mtu, anayeenda kazini bon courage, anayeendelea na safari bonne route, anayebakiwa na saa chache za siku bonne fin de journée, anayekaa mezani bon appétit. Kingine msiseme bonjour mara mbili kwa mtu yule yule siku moja. Sisi mkikutana mara tano mnasalimiana mara tano, hakuna ubaya, kule ukirudia bonjour mwenzako anahisi umesahau kwamba mlishaonana asubuhi. Mkikutana tena unatabasamu tu, au unasema rebonjour.

Sasa "tu" na "vous", maneno mawili ya Kifaransa ya kumwambia mtu "wewe", la kwanza la karibu, la pili la heshima. Hapa ndo nataka muongeze nafasi hata kama itabidi maneno mengine yapungue. Mmeandika "vous ni ya heshima kwa wakubwa". Msomaji wetu akisoma hivo anasema aah nimeelewa, hiyo ndo shikamoo yao. Na anaingia shimoni. Shikamoo inapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, mkubwa anaitikia marahaba, hawabadilishani. Vous inaenda na inarudi. Mzee wa miaka sabini anamwambia vous kijana wa miaka ishirini anayemuuzia dawa, na kijana anamrudishia vous, hakuna aliye juu hapo, wote wawili wameacha nafasi katikati yao. Na nyumbani mjukuu anamwambia bibi yake "tu", mara nyingi kabisa, na hajamkosea bibi. Kwa hiyo kinachopimwa zaidi ni ukaribu kuliko umri. Umri unakuja kwenye jambo moja, mtoto. Mtoto anaambiwa "tu" na watu wazima, na yeye akikua kidogo anatakiwa kurudisha vous kwa asiowajua na kwa walimu.

Mfano mzuri ni ule wa tarehe 18 Juni 2018 pale Mont-Valérien karibu na Paris, kwenye kumbukumbu ya wito wa Jenerali de Gaulle wa mwaka 1940, alipowaomba Wafaransa waendelee kupigana na Wajerumani. Rais Emmanuel Macron alikuwa anapita kusalimia watu, kijana mmoja wa shule akamwambia ça va Manu, yaani vipi Manu, Manu ni kifupi cha Emmanuel. Rais akasimama akamrekebisha pale pale mbele ya kamera, akamwambia uniite monsieur le Président au monsieur. Watu waligawanyika, wengine walisema kamdhalilisha mtoto, wengine walisema kafanya vema, mi mwenyewe naona angeweza kumwambia taratibu zaidi. Lakini sikilizeni alivyosema, yeye rais alimwambia kijana "tu", na alitegemea monsieur irudi. Na kumbukeni hii ni nchi ambayo wakati wa Mapinduzi, mwaka 1793, walisukuma watu wote waambiane "tu" na waitane citoyen, raia, badala ya monsieur ili wote wawe sawa. Haikudumu. Vous ilirudi na monsieur ikarudi nayo.

Kutoka vous kwenda "tu" kuna mlango pia, na mlango huo haufungui mgeni. Anaufungua mkubwa, au bosi, au kati ya watu sawa yeyote ila kwa kuomba, on peut se tutoyer, tunaweza kuambiana "tu"? Pale nilipopanga chini yangu alikaa mama mmoja mjane, mwaka mzima tukikutana kwenye ngazi ni bonjour madame, bonjour madame, mvua imenyesha, ndio madame imenyesha. Nilishamhesabu ni mtu wa baridi. Siku moja mfuko wake ukapasuka nikamsaidia kubeba viazi hadi mlangoni, akasimama na funguo mkononi akaniambia kwa aibu kabisa, tangu leo unaweza kuniambia "tu". Niliingia kwangu nikalia kidogo. Kwa sababu nilielewa kwamba ule mwaka mzima hakuwa ananisukuma mbali, alikuwa ananipa heshima kila siku na mi sikuwa najua kuipokea. Na yule mama wa mikate nilimrudia kwa kichwa kingine baada ya hapo, tukawa tunaongea hadi foleni inakohoa.

Ça va msiiweke mstari mmoja na comment allez-vous. Zote mbili ni kuuliza habari yako, ila ça va mara nyingi ni ya "tu", comment allez-vous ni ya vous, na yote mawili ni kwa mtu ambaye angalau mnajuana. Mtu wa kaunta humuulizi habari za watoto, bonjour madame imetosha, usikae pale unamwaga za nyumbani, za kazi, za safari kama tulivyozoea sisi.

La bise, kule kugusana mashavu, nitapita haraka, safu yenu imewatisha watu bure. Midomo haigusi shavu, ni shavu kwa shavu na mlio. Lyon nilipokuwa ilikuwa mbili, ukienda Montpellier ni tatu, kuna sehemu nne. Mgeni haanzishi, anaangalia mwenzake anafanyaje, ukinyoosha mkono mapema unapewa mkono na hakuna anayenuna. Mwisho wa Februari 2020 korona ilipoingia waziri wa afya Olivier Véran aliwashauri watu waache kupeana mikono na la bise, na wapo ambao hawajairudia mpaka leo.

Na tafadhali msiandike Kifaransa kana kwamba ni cha Paris tu. Congo, kwa majirani zetu tunaoongea nao Kiswahili, mtu mzima unamwita papa au maman hata kama hamna undugu, bonjour papa, bonjour maman, na ukimkatia monsieur anaweza kuona umemweka mbali. Afrika Magharibi, Côte d'Ivoire kwa mfano, anayefika anapokewa na bonne arrivée, neno zuri sana, Mfaransa wa Ufaransa halisemi hivo. Québec, jimbo la Canada, wao wanaingia kwenye "tu" mapema zaidi, na Montréal, mji wa huko, wauzaji wengi wana mtindo wa kusema bonjour-hi, Kifaransa na Kiingereza kwa pumzi moja, ili mteja achague lugha, hadi Novemba 2017 bunge la Québec likapitisha azimio kwa kauli moja kuwaomba wafanyabiashara wabaki na bonjour. Bunge zima limekaa kujadili salamu ya dukani! Mi hapo nilizidi kuelewa hili neno linabeba nini.

Mambo ya barua na imeili naomba mfanye safu nyingine kabisa, ila binti atakayeandikia chuo aanze na Madame, Monsieur na mkato, bila kuweka chère (mpendwa), amalizie na cordialement, neno lao la kufungia barua. Na mwanamke akiandika enchantée, nimefurahi kukufahamu, aweke e mbili mwishoni, ile ya kwanza na alama yake, akitamka haisikiki tofauti ila kwenye maandishi inaonekana.

Ninachoomba ni hiki. Toleo lijalo mrudie ile safu, mfute "inafaa kwa watu wote" mbele ya salut, muhamishie bonne nuit kwenye kuaga, na juu kabisa kabla ya orodha yoyote muweke bonjour madame, bonjour monsieur, halafu kwa herufi nene: subiri uitikiwe. Binti yangu nimeshamfutia kwa kalamu nyekundu kwenye ile picha na juzi tulikaa naye jioni nzima anaingia na kutoka mlangoni, mi nakuwa muuza mikate. Mara ya kwanza alisema bonjour na baguette kwa pumzi moja. Mara ya nne alisema bonjour madame akanyamaza, akaniangalia, akasubiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ma'mdogo wa msafiri